Barua ya ndugu yangu mahabusu imefutwa, magazeti yamerudishwa: je, gereza lina haki hiyo?

*Swali: Asalaam aleykum wakili, na shikamoo. Naandika kutoka Ngamiani, Tanga. Mdogo wangu yuko mahabusu katika gereza mojawapo la mkoa wetu kwa kesi iliyotokana na mambo ya siasa, na dhamana hana. Mwezi uliopita nilimwandikia barua ya kurasa mbili. Nilipokwenda kumwona akaniambia amepata ukurasa mmoja tu, na mistari kama minne imefunikwa kwa kalamu nyeusi. Humo nilimweleza habari za mkutano wa chama chake na yaliyosemwa juu yake. Wiki iliyofuata nikapeleka magazeti matatu, katiba ya chama chake na kitabu cha historia ya siasa za Afrika Mashariki. Afande wa mapokezi akavirudisha vyote, akasema, "Siasa haziingii humu." Nilipouliza imeandikwa wapi, akaniambia nisimfundishe kazi. Kilichonitia hofu zaidi ni kwamba hata bahasha ya wakili wake ilimfikia ikiwa imefunguliwa. Shemeji yangu aliyeko Marekani anasema mahakama za huko zilikwisha kuamua gereza haliruhusiwi kuzuia maandishi ya siasa, basi nishtaki. Jirani ananiambia nisihangaike, nimpe askari hela ya soda apenyeze. Mama anataka ninyamaze kabisa, kijana asije akaonewa. Nimsikilize nani?*

Waaleykum salaam, dada yangu, na marahaba. Pole sana. Kuwa na ndugu mahabusu bila kujua kesi itaisha lini ni mzigo tosha, na barua ndiyo inayomfanya mtu wa ndani ajione bado ana kwao. Nimesoma swali lako zaidi ya mara moja kwa sababu limebeba mambo manne yaliyofungwa pamoja: barua yako wewe, magazeti na vitabu, bahasha ya wakili, na hofu ya mama. Kila moja lina sheria yake na lina mlango wake. Ukiyapeleka yote kwa pamoja kama lalamiko moja la "gereza linamwonea mdogo wangu", utajibiwa jibu moja la jumla na hutapata lolote.

Nianze na lile ambalo huenda hutalipenda. Barua ya ndugu kufunguliwa na kusomwa na uongozi wa gereza si kosa. Katiba yetu ya 1977, Ibara ya 16, inalinda mawasiliano binafsi ya mtu, na Ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kuwasiliana bila kuingiliwa. Lakini Ibara ya 30 inaruhusu sheria kuwekea haki hizo mipaka kwa ajili ya usalama wa jamii na haki za wengine, na Sheria ya Magereza ya 1967 pamoja na kanuni zake zinampa Mkuu wa Gereza mamlaka ya kusimamia kinachoingia na kinachotoka. Hivyo ndivyo ilivyo karibu kila nchi. Ukienda getini kudai kwamba barua isisomwe, utashindwa, na utakuwa umetumia nguvu zako mahali pasipo na faida.

Ila kusoma ni jambo moja, kufuta ni jingine, na kuzuia kabisa ni jingine tena. Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya, wananchi na askari pia. Mamlaka ya kukagua yana sababu zake: kuzuia mipango ya kutoroka, kuzuia vitisho kwa mashahidi, kuzuia maagizo ya uhalifu kwa walio nje, na kuzuia vitu vilivyofichwa. Nimesimama mara nyingi kwenye meza hizo za mapokezi. Afande analitikisa gazeti kwanza, analikunjua ukurasa kwa ukurasa, kisha akifika kwenye kitabu anapapasa mgongo wake pale palipogundishwa, kwa sababu ndipo wembe unapoweza kukaa. Hiyo ni kazi halali na inamlinda hata mdogo wako. Katika nchi nyingine wamefika mbali zaidi. Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1979 ilikubali gereza la mahabusu kukataa vitabu vya jalada gumu visivyotoka moja kwa moja kwa mchapishaji, duka la vitabu au klabu ya vitabu, kwa hofu hiyohiyo ya kufichwa vitu. Siku hizi baadhi ya magereza ya Uingereza na Marekani humpa mfungwa nakala badala ya barua yenyewe, kwa sababu kuna watu wanaoloweka karatasi kwenye dawa za kulevya.

Sasa jiulize: habari kwamba chama fulani kilifanya mkutano, na kwamba mtu fulani alitajwa jukwaani, inaingia kwenye sababu ipi kati ya hizo? Kwa maelezo uliyonipa, sioni. "Siasa haziingii humu" si sababu ya usalama. Ni kauli ya mtu anayeogopa lawama. Nasema hivyo bila kumdharau afande yule. Yeye ni askari wa cheo cha chini, ana mkubwa wake juu, na anajua kwamba akiruhusu gazeti kisha kelele zikatokea ndani, ataulizwa yeye. Akilirudisha, haulizwi na mtu. Basi anarudisha. Udhibiti mwingi wa maandishi magerezani unazaliwa hivyo: hakuna aliyekaa akaamua kwamba maandishi haya ni hatari, ila kila mmoja anaona kukataa ni salama kwake kuliko kukubali. Dawa yake ni kuutoa uamuzi mezani kwa afande na kuufikisha kwa mwenye mamlaka ya kuutia saini. Nitarudi huko.

Uamuzi usioandikwa unaweza kufika mbali sana. Nelson Mandela na wenzake walipopelekwa kisiwa cha Robben mwaka 1964 waliwekwa daraja D, la chini kabisa. Mfungwa wa daraja hilo aliruhusiwa barua moja na mgeni mmoja kila miezi sita. Barua isizidi maneno 500, na iwe ya mambo ya familia tu. Wakaguzi walianza kwa kufunika mistari kwa wino. Wafungwa walipogundua wino unaoshwa kwa maji, wakaguzi wakahamia kwenye wembe: wakawa wanakata maneno na kuacha matundu kwenye karatasi. Na kwa kuwa karatasi iliandikwa pande zote mbili, ukikata maneno ya upande mmoja umekata na ya upande wa pili ambayo hayakuwa na tatizo lolote. Magazeti hawakuruhusiwa mpaka mwaka 1980. Miaka 16 watu wazima, wanasheria na walimu, wakiokota vipande vya magazeti vilivyofungiwa vyakula vya askari. Hakuna aliyethibitisha kwamba gazeti la kila siku lingeubomoa ukuta wa gereza lile.

Nimelitaja kwa sababu viwango vya Umoja wa Mataifa vya namna ya kuwatendea wafungwa, vilivyoanza mwaka 1955 na kufanyiwa marekebisho Desemba 2015, leo vinaitwa Kanuni za Nelson Mandela. Ziko 122. Si sheria inayombana Mkuu wa Gereza moja kwa moja kama inavyombana Sheria ya Magereza, na asikudanganye mtu kwamba ukizitaja tu mlango utafunguka. Lakini ni kipimo ambacho serikali zenyewe zilikikubali, na ukizitaja kwa namba kwenye barua rasmi unaonekana unajua unachokisema. Kanuni ya 58 inasema mfungwa aruhusiwe kuwasiliana na familia na marafiki mara kwa mara, kwa maandishi na kwa kutembelewa, chini ya usimamizi unaohitajika. Kanuni ya 63 inasema apate habari muhimu kwa kusoma magazeti, majarida au kusikiliza redio, kwa kadiri uongozi utakavyoruhusu au kusimamia. Unaona kwamba hata hizo hazikuondoa mamlaka ya gereza.

Iliyo muhimu zaidi kwako ni Kanuni ya 117, kwa sababu mdogo wako si mfungwa. Ni mahabusu. Hilo nalisisitiza kwa kuwa pale getini wote hupita mlango mmoja, hupanda karandinga moja, na mara nyingi hulala jengo moja, mpaka watu husahau tofauti yao. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitishwa. Na Kanuni ya 117 inasema mahabusu aruhusiwe kujipatia, kwa gharama yake au ya mtu wa nje, vitabu, magazeti na vifaa vya kuandikia, ilimradi havivurugi utoaji haki wala usalama na utaratibu wa gereza. Kwa gharama ya mtu wa nje: hapo ni wewe, na magazeti yako matatu.

Kuna hoja nyingine ambayo ni ya hapahapa nyumbani, na mimi naiona ina nguvu kuliko za mbali. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kilichowanyima kura wafungwa wa kifungo kinachozidi miezi sita kinapingana na Katiba. Kisha katika uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura wa 2024 na 2025, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi iliweka vituo vya kuandikisha ndani ya magereza, kwa ajili ya mahabusu na wafungwa wa kifungo cha chini ya miezi sita. Dola yenyewe imemfuata mahabusu huko aliko ikamwandikisha awe mpiga kura. Mpiga kura anayekatazwa kusoma gazeti kwa sababu lina siasa, atapigaje kura akijua anachochagua? Hoja hiyo iweke kwenye barua yako, kwa adabu, mistari miwili inatosha.

Nije kwa shemeji yako. Hakukudanganya, ila ameelezea nusu. Mwaka 1974 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri la Procunier v. Martinez, iliwabana wakaguzi wa barua za wafungwa kwa kipimo kikali. Lakini mwaka 1987, katika Turner v. Safley, ikalegeza kipimo: katazo la gereza litasimama likiwa na uhusiano wa maana na lengo halali la gereza. Na mwaka 1989, katika Thornburgh v. Abbott, ikasema kipimo hicho cha kulegea ndicho kitumike kwa machapisho yanayoingia kutoka nje. Kwa hiyo hata huko gereza linaweza kuzuia chapisho. Kilichopo cha maana, na hiki ningependa tukiige, ni kanuni zenyewe za magereza ya serikali kuu zilizokuwa zinabishaniwa katika shauri hilo. Zinasema chapisho haliwezi kukataliwa kwa sababu tu maudhui yake ni ya kidini, kifalsafa, kisiasa au kijamii, wala kwa sababu hayapendwi na watu. Mkuu wa gereza hawezi kuweka orodha ya magazeti yaliyopigwa marufuku moja kwa moja. Lazima kila toleo liangaliwe kivyake. Na akikataa, mfungwa aelezwe kwa maandishi sababu na sehemu iliyokataliwa, na mchapishaji au aliyetuma naye aarifiwe ili aweze kukata rufaa. Hukumu hizo hazimfungi jaji wa Tanga. Wakili anaweza kuzitaja kama mfano wa namna wenzetu walivyofikiri, basi. Usiende mapokezi kumtajia afande mahakama za Marekani, utamkasirisha bure.

Kuhusu ulivyovipeleka, nivitenganishe. Magazeti ndiyo yenye kesi nyepesi. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka gazeti liwe na leseni, na gazeti lenye leseni, linalouzwa hadharani pale stendi ya Kange, ni vigumu kwa mtu yeyote kueleza kwa nini halifai kusomwa ndani, isipokuwa toleo fulani lina habari za kesi yake au za fujo za magereza. Zingatia tu usipeleke nakala za zamani zilizokaa kabatini. Magazeti ya MwanaHalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima, kwa mfano, yalifungiwa kwa nyakati mbalimbali na yakarudishiwa leseni Februari 2022. Askari akikuta toleo lililotangulia kufungiwa, atashika hapohapo na hatasikiliza maelezo.

Kitabu cha historia nacho kina nafasi nzuri, hasa kikiwa cha jalada laini, kipya, na risiti ya duka ndani yake. Ukiona ugumu, kuna njia ambayo familia chache huifikiria: kuomba kukitoa kiwe cha maktaba ya gereza badala ya mali ya mtu mmoja. Kanuni ya 64 inataka kila gereza liwe na maktaba. Hapo kitapitiwa na afisa wa juu na si afande wa zamu, na kikikubaliwa kimekubaliwa kwa wote. Hasara yake ni kwamba huna uhakika kitamfikia mdogo wako lini.

Katiba ya chama ndiyo ningeiacha kwanza. Kwa haki, ni waraka ambao Msajili wa Vyama vya Siasa anao ofisini kwake. Hakuna siri ndani yake. Lakini imebeba nembo na rangi za chama, na uongozi wa gereza utasema, kwa hoja inayosikika, kwamba hautaki makundi ya vyama yagawane selo. Mimi naamini hoja hiyo inajibika, ila kwanza pata ushindi wa gazeti. Ukipeleka vyote pamoja, kimoja chenye utata kinavibeba vingine vyote kurudi nyumbani, na ndivyo ilivyokutokea.

Na barua yako. Ukurasa uliopotea ni jambo zito kuliko mistari iliyofutwa, kwa sababu mstari uliofutwa angalau unaonyesha kwamba umefutwa. Kwa hiyo kuanzia sasa andika juu kabisa "ukurasa 1 kati ya 2", na weka nakala, hata ya picha ya simu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Pia nina ombi ambalo nakusihi ulitii: usiandike chochote kuhusu kesi. Usimtaje shahidi, usieleze nani alikuwa wapi siku ile, usimpe ushauri wa nini cha kusema. Barua inayosomwa na gereza inaweza kufika kwa wapelelezi na ikaja kusomwa mahakamani. Maneno uliyoyaandika kwa mapenzi, kama "wale waliosema juu yako tunawajua", kwenye kinywa cha mwendesha mashtaka yanageuka kuwa vitisho. Habari za kesi zipitie kwa wakili wake peke yake.

Hapo tumefika kwenye bahasha ya wakili, na hapa silegezi neno. Kama kilichofunguliwa kilikuwa kweli barua ya wakili kwa mteja wake, hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote uliyonieleza. Kanuni ya 61 inasema mawasiliano ya mfungwa na mshauri wake wa sheria yawe bila kucheleweshwa, bila kuingiliwa, bila kukaguliwa maudhui, na kwa siri kamili. Hata wanapoonana, askari anaruhusiwa kuwaona, asiwasikie. Sababu yake inaeleweka bila kwenda shule ya sheria: mtu hawezi kujitetea ikiwa upande unaomshikilia unasoma utetezi wake kabla yake. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilishaiadhibu Uingereza kwa jambo la jinsi hii mwaka 1975 katika shauri la Golder, mfungwa aliyekataliwa hata kumwandikia wakili, na mwaka 1983 katika shauri la Silver na wenzake ikaona barua nyingi za wafungwa zilizuiwa bila uhalali.

Lakini kabla hujalaumu, uliza bahasha ilikuwaje. Ilikuwa na jina na muhuri wa ofisi ya wakili? Iliandikwa kwa nje kwamba ni mawasiliano ya siri ya wakili na mteja? Aliipeleka nani? Mara nyingi wakili humpa ndugu bahasha ya kaki isiyo na alama, ndugu naye akaikabidhi pamoja na sabuni na miswaki, na afande akaifungua kama anavyofungua kila kitu. Hapo kosa ni letu mawakili. Karatasi za wakili azipeleke wakili mwenyewe au karani wake, wazikabidhi mkononi kwa mteja.

Sasa jirani yako. Usimsikilize kabisa. Kuingiza kitu gerezani bila idhini ni kosa la jinai, na kumpa askari hela apenyeze ni rushwa. Hayo ni makosa mawili kwa siku moja. Leo una lalamiko safi, dada yangu. Siku utakapopenyeza karatasi moja kwenye bakuli la wali, gereza litapata sababu halali ya kukagua kila kitu chako na kukuzuia hata kumtembelea, na mdogo wako ndiye atakayeadhibiwa ndani.

Mama yenu namwelewa. Hofu yake si ya kipuuzi. Malalamiko ya kelele, ya kurushwa mitandaoni kabla hayajafika ofisini, mara nyingine humponza aliye ndani. Lakini barua ya heshima, iliyoandikwa kwa utaratibu, na nakala yake ikajulikana kwa watu wa nje, kwa uzoefu wangu humlinda mtu zaidi ya ukimya. Mahabusu ambaye ndugu zake wanaandika na kufuatilia hasahauliki kirahisi.

Kwa hiyo andika barua kwa Mkuu wa Gereza. Iwe fupi, ukurasa mmoja, bila neno "uonevu" na bila kumtaja afande kwa lawama. Sehemu yenye uzito iwe hivi: "Tarehe fulani nilikabidhi mapokezi magazeti matatu (yataje majina na tarehe), na kitabu kimoja (kitaje), kwa ajili ya ndugu yangu fulani, mahabusu. Vilirudishwa kwa maelezo ya mdomo kwamba vina siasa. Naomba kufahamishwa kwa maandishi ni kipi kati ya hivyo hakiruhusiwi, kwa kifungu gani, na kama vilivyobaki naweza kuvileta. Vilevile naomba kujua ulipo ukurasa wa pili wa barua yangu ya tarehe fulani." Peleka nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo nyumbani. Wakikataa kugonga muhuri, itume kwa rejista kupitia Posta na utunze risiti.

Ukiwa umekaa wiki mbili tatu bila jibu, nakala hiyo na barua mpya ziende kwa Mkuu wa Magereza wa Mkoa, na baada yake kwa Kamishna Jenerali wa Magereza. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo inapokea malalamiko ya wananchi bila malipo na ina mamlaka ya kutembelea magereza. Ila haichunguzi jambo lililoko mahakamani, kwa hiyo lalamiko lako liwe juu ya barua na magazeti tu, kesi yenyewe usiiguse. Mdogo wako naye ana haki ya kulalamika akiwa ndani; Kanuni ya 56 inataka malalamiko yake kwa makao makuu ya magereza na kwa mamlaka za mahakama yapite bila kukaguliwa maudhui. Na majaji na mahakimu hufika magerezani kukagua. Wakifika, anyooshe mkono aseme.

Mlango ulio karibu kuliko yote hiyo, na watu huupita bila kuuona, ni hakimu wa kesi yake. Kesi ikitajwa, kwa kawaida kila baada ya wiki mbili hivi, mdogo wako au wakili wake anaweza kusimama na kusema: mheshimiwa, barua ya wakili wangu imefunguliwa gerezani, na magazeti yangu yanarudishwa. Hakimu ataliandika kwenye mwenendo wa shauri, na upande wa mashtaka utalisikia. Nimeona tatizo la miezi likiisha kwa sentensi moja ya hakimu.

Kushtaki, alivyosema shemeji, kunawezekana. Ibara ya 30(3) ya Katiba inaruhusu mtu kufungua shauri Mahakama Kuu kwa haki iliyovunjwa, kwa utaratibu wa Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu Muhimu ya 1994. Lakini jua gharama yake. Shauri husikilizwa na majaji watatu, huchukua muda mrefu, na marekebisho ya 2020 yalimtaka mwombaji aonyeshe yeye binafsi ameathirikaje na kwamba njia nyingine zote amekwisha kuzipitia. Bila zile nakala zenye mihuri, shauri linaweza kutupwa kabla halijasikilizwa. Nadhani suala la machapisho ya kisiasa kwa mahabusu linastahili siku moja kuamuliwa na Mahakama Kuu yetu, na ningefurahi kuliona. Ila sitakuambia umtumie mdogo wako kuwa mfano kama barua moja kwa Mkuu wa Gereza inaweza kumpatia gazeti lake mwezi huu.

Kuna hali ambazo hupaswi kusubiri barua wala jibu langu la maandishi: akiadhibiwa au kutengwa kwa sababu ya alichoandika au kuandikiwa, akihamishwa gereza bila ninyi kujua, asipoletwa mahakamani siku ya kutajwa, au mpelelezi akimhoji juu ya maneno yaliyokuwa kwenye barua. Hapo muone wakili ana kwa ana siku hiyohiyo. Kama ada ya wakili imewashinda, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua watoa msaada wa kisheria wa bure. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya au Chama cha Mawakili Tanganyika watakuelekeza kwa aliye karibu nawe.

Lakini kesho asubuhi, kabla ya barua ya magazeti, mpigie simu wakili wake umweleze habari ya ile bahasha: tarehe iliyopelekwa, aliyeipeleka, na ilivyokuwa ilipomfikia mteja wake. Muulize kilichokuwemo ndani. Kama ni maelezo ya utetezi, anahitaji kulijua hilo kabla ya kesi kutajwa tena, na yeye ndiye mwenye kulisimamia mbele ya hakimu.